Umbali, Muda wa Angani na Saa ya Tiketi: Hesabu ya Safari kutoka Kitomanga hadi Jeddah

Malalamiko mengi ya wasafiri wa anga hayatokani na ndege kuharibika wala mizigo kupotea. Yanatokana na hesabu. Msafiri amesoma tarehe vizuri lakini hakuisoma saa. Au ameambiwa kwamba safari ni ya saa tano, akajikuta amekaa njiani siku nzima. Au amenunua tiketi mbili zilizoonekana kushikana, kumbe kila moja inasimama peke yake. Katika somo hili tutaifanya hesabu hiyo pamoja, hatua kwa hatua, kwa mfano wa msafiri anayeishi Kitomanga, katika barabara kuu inayounganisha Kilwa na Lindi, ambaye anakwenda Umra na kiwanja chake cha mwisho ni Jeddah. Msafiri huyu ni wa mfano tu, na saa tutakazozitaja katika tiketi yake ni za kujifunzia. Si ratiba ya shirika lolote.

Tumechagua Jeddah kwa sababu mbili. Kwanza, ni safari ambayo watu wa mwambao huiwekea akiba kwa miaka, kwa hiyo kuipoteza kwa kosa la saa ni msiba mkubwa. Pili, ramani imetusaidia: Dar es Salaam na Jeddah zipo karibu kabisa juu ya mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 mashariki. Ukitoka kimoja kwenda kingine unapanda kaskazini moja kwa moja, na umbali unaweza kuupata kwa kalamu na karatasi.

Umbali

Kila nyuzi moja ya latitudo, ukienda kaskazini au kusini, ni takriban kilomita 111. Tarakimu hiyo haikuokotwa. Wafaransa walipoibuni mita mwishoni mwa karne ya 18, walikusudia kwamba umbali kutoka ikweta hadi ncha ya kaskazini uwe kilomita 10,000. Ukizigawa kwa nyuzi 90 unapata 111 na ushei.

Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere kipo karibu nyuzi 6.9 kusini mwa ikweta. Kiwanja cha Jeddah kipo karibu nyuzi 21.7 kaskazini. Kwa kuwa ikweta ipo katikati, tunajumlisha: 6.9 na 21.7 ni 28.6. Zidisha kwa 111, utapata takriban kilomita 3,175. Huo ndio umbali wa anga, na hakuna wakala wa tiketi anayeweza kuubadilisha.

Njia hii inafaa tu pale viwanja viwili vinapokuwa juu ya mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Dubai, kwa mfano, ipo mbali mashariki ya mstari huo, na hesabu yake huhitaji kuzingatia mviringo wa dunia. Umbali wake kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 3,980. Muscat nayo inakaribiana sana na tarakimu hiyo.

Muda wa angani

Ndege kubwa ya jeti ikiwa imeshatulia juu huenda kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Tukichukua 800, kilomita 3,175 ni karibu saa nne. Lakini ndege haianzi na mwendo huo. Inatambaa ardhini kuelekea njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapanda taratibu, na mwishoni inashuka na kutambaa tena. Ongeza nusu saa, au zaidi kidogo pale kiwanja kinapokuwa na msongamano. Basi ndege isiyotua popote kati ya Dar es Salaam na Jeddah ingechukua saa nne na nusu hivi.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Muda unaoandikwa kwenye tiketi si muda wa magurudumu kuwa hewani. Ni muda tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho yake hadi inapoegeshwa kule inakokwenda, na mashirika huongeza dakika za akiba ili kuchelewa kidogo kusivuruge ratiba nzima. Kwa hiyo rubani akitangaza kwamba mtakuwa angani kwa saa nne na dakika kumi, wakati tiketi inasema saa nne na dakika arobaini, hakuna aliyekudanganya. Upepo nao una neno, hasa katika safari ndefu za mashariki na magharibi, ambako kwenda na kurudi huweza kutofautiana kwa saa nzima. Katika njia yetu ya kaskazini athari hiyo ni ndogo.

Kutua njiani

Wasafiri wengi kutoka kwetu hawapandi ndege isiyotua. Hubadilisha ndege mahali fulani, na mahali hapo ndipo hesabu ya muda inapoharibika.

Tuchukue Addis Ababa. Nayo ipo karibu juu ya mstari uleule, nyuzi 38.8 mashariki, kwenye latitudo ya 9 kaskazini. Kutoka Dar es Salaam ni nyuzi 15.9, yaani takriban kilomita 1,765. Kutoka hapo hadi Jeddah ni nyuzi 12.7, yaani takriban kilomita 1,410. Jumlisha: kilomita 3,175. Umbali haukuongezeka hata kidogo. Muda wa ndani ya ndege nao umeongezeka kwa nusu saa tu, kwa sababu ya kupanda na kushuka mara mbili. Kilichoongezeka ni kusubiri, na kusubiri kunaweza kuwa saa mbili au saa kumi kutegemea tiketi uliyouziwa.

Ukipitia Dubai mambo ni mengine. Kilomita 3,980 za kwanza zinafuatwa na nyingine 1,700 za kurudi magharibi hadi Jeddah, jumla karibu 5,680. Hizo ni kilomita 2,500 zaidi ya njia ya moja kwa moja. Hata hivyo tiketi hiyo inaweza kuwa na bei ndogo na kusubiri kufupi, na msafiri akafika mapema kuliko mwenzake aliyepita njia fupi. Umbali, muda na bei ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kinaulizwa peke yake.

Watu wa pwani hii hawakuwa wageni wa jambo hilo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, chombo kilichomleta kilikuja kwa upepo wa msimu, na aliyetaka kurudi Uarabuni alingoja kusi. Majuma ya baharini yalihesabika, lakini miezi ya kungoja upepo ndiyo iliyoirefusha safari.

Neno moja la tahadhari kuhusu lugha ya wauzaji wa tiketi. Msemo “moja kwa moja” hutumika kwa maana mbili. Wapo wanaomaanisha ndege isiyotua popote. Wapo wanaomaanisha kwamba hutabadilisha ndege, ingawa ndege hiyo itatua mahali kushusha na kupakia abiria wengine. Msafiri asiridhike na msemo huo. Aulize: ndege inatua wapi, inakaa muda gani, na je, nitashuka?

Saa ya tiketi

Sasa tuisome tiketi ya msafiri wetu. Imeandikwa hivi: kuondoka Dar es Salaam Jumatano tarehe 9, saa 00:40; kufika Addis Ababa 03:25; kuondoka Addis Ababa 12:35; kufika Jeddah 14:50.

Tiketi hutumia saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Sisi tunahesabu saa tangu mapambazuko na tangu machweo. Waethiopia nao huhesabu kama sisi, lakini tiketi zao zinafuata mtindo wa kimataifa vilevile. Kanuni ya kugeuza si ngumu. Tiketi ikisema 00 hadi 06, ongeza sita. Ikisema 07 hadi 18, punguza sita. Ikisema 19 hadi 23, punguza kumi na nane. Kwa hiyo 00:40 ni saa sita na dakika arobaini usiku. 12:35 ni saa sita na dakika thelathini na tano mchana. 14:50 ni saa nane na dakika hamsini mchana.

Kugeuza saa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ambayo ndiyo inayowagharimu watu, ni tarehe. Ukimwambia mtu wa Kitomanga kwamba ndege inaondoka Jumatano saa sita na dakika arobaini usiku, atafikiri, na ana haki ya kufikiri hivyo kwa desturi ya lugha yake, kwamba ni usiku utakaokuja baada ya mchana wa Jumatano. Atapanda basi Jumatano alfajiri, atafika Dar es Salaam mchana, atapumzika kwa ndugu, ataoga, na usiku atakwenda kiwanjani na mizigo yake. Pale dawatini ataambiwa kwamba ndege iliondoka usiku uliopita, yeye akiwa bado kitandani kwake Kitomanga.

Kwa tiketi, tarehe 9 huanza mara tu baada ya usiku wa manane. Saa 00:40 ya tarehe 9 ni usiku ambao Kiswahili huuita usiku wa kuamkia Jumatano. Msafiri wetu anatakiwa kuwa kiwanjani Jumanne tarehe 8 usiku, na kwa kuwa mashirika mengi huomba abiria wa safari za kimataifa wafike saa tatu kabla, awepo kuanzia saa tatu na dakika arobaini usiku wa Jumanne. Tunamshauri kila msafiri ambaye tiketi yake inaanza na tarakimu 00 hadi 05 aandike kwa mkono wake mwenyewe, pembeni ya tiketi, maneno haya: “niwepo kiwanjani usiku wa tarehe …”, ajaze tarehe iliyotangulia, na ndugu wa nyumbani waione. Wakala mwema atakuandikia bila kuombwa. Wengi hawafanyi hivyo.

Kukosa ndege ya kwanza kuna madhara yanayozidi bei ya safari hiyo moja. Masharti ya mashirika mengi husema kwamba abiria asipotokea katika kipande cha kwanza cha tiketi, vipande vinavyofuata, pamoja na cha kurudi, vinaweza kufutwa. Akiba ya miaka inaweza kupotea kwa usiku mmoja uliosomwa vibaya.

Saa ya mahali

Saa zote za tiketi ni saa za mahali husika: ya kuondoka ni ya kiwanja unachoondoka, ya kufika ni ya kiwanja unachofika. Tanzania, Ethiopia na Saudia zote zinatumia saa moja, kwa hiyo msafiri wetu anaweza kutoa bila wasiwasi. Tangu 00:40 hadi 14:50 ni saa kumi na nne na dakika kumi. Kati ya hizo, saa mbili na dakika arobaini na tano ni za kwenda Addis Ababa, saa mbili na robo ni za kwenda Jeddah, na saa tisa na dakika kumi zilizobaki ni za kukaa kwenye kiti cha kiwanja. Mtu aliyeambiwa “safari ya saa tano” hakudanganywa kuhusu ndege, lakini hakuambiwa habari ya kiti. Mzee mwenye kisukari, au mama mwenye mtoto mchanga, anahitaji kuijua kabla ya kulipa, si baada.

Saa za Dubai na Muscat zipo mbele yetu kwa saa moja. Tiketi ikisema unaondoka Dar es Salaam 16:30 na kufika Dubai 23:00, tofauti ni saa sita na nusu, lakini saa moja kati ya hizo ni ya kusogeza mshale tu; muda wa kweli ni saa tano na nusu. Ukirudi, utaona kinyume chake. Alama ya kujumlisha na tarakimu 1 kando ya saa ya kufika ina maana kwamba utafika siku inayofuata.

Kutoka nyumbani

Hesabu yetu bado haijaanza pale inapostahili kuanza, yaani mlangoni pa msafiri. Kutoka Kitomanga hadi Dar es Salaam kwa barabara ni karibu kilomita 400. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, hupunguza hadi 50 penye vijiji, na husimama. Kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, ni saa nane hadi Mbagala, kisha foleni ya jiji hadi kiwanjani. Kwa maneno mengine, kilomita 400 za barabara zitamchukua muda mrefu kuliko kilomita 3,175 za anga.

Msafiri akiondoka Kitomanga Jumanne saa kumi na moja alfajiri, atafika Mbagala mchana na kubaki na saa chache za akiba. Kwa siku ya kawaida zinatosha. Lakini barabara hii si ya kuaminiwa kila msimu. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Kilwa, na magari yakakwama. Anayesafiri wakati wa masika, kwa maoni yetu, aondoke Jumatatu na kulala Dar es Salaam. Gharama ya kulala usiku mmoja ni ndogo mno ikilinganishwa na tiketi.

Ipo pia njia ya kwenda kusini ili kupanda ndege Mtwara, ambako umbali wa anga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 400. Ni safari fupi ya ndege, lakini kwa mtu wa Kitomanga inamaanisha kupita Lindi na kuendelea zaidi ya kilomita 100 kabla ya kurudi kaskazini hewani. Kiwanja cha Kikwetu, Lindi, ndicho kilicho karibu zaidi. Kabla ya kukiweka katika mpango wako, uliza kama kuna ndege ya ratiba kwa tarehe unayoitaka. Ukitua Dar es Salaam kwa ndege ya ndani, angalia pia jengo: safari za kimataifa zinatumia Jengo la Tatu, lililoanza kazi mwaka 2019, na ndege yako ya kwanza inaweza kukushusha jengo jingine.

Tiketi moja au mbili

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asimame. Ukinunua safari ya Mtwara, Dar es Salaam, Addis Ababa na Jeddah katika tiketi moja, yenye namba moja ya uhifadhi, aliyekuuzia anakuahidi kukufikisha mwisho wa safari. Kipande cha kwanza kikichelewa na ukaikosa ndege inayofuata, ni juu ya shirika kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti, hata kwa wakala mmoja na kwa siku moja, kila shirika linajua kipande chake tu. La pili litakuhesabu kuwa hukutokea. Tena, mizigo utalazimika kuichukua na kuikabidhi upya, na kama kubadilisha huko ni katika nchi ya kigeni, huenda ukahitaji viza ya kuingia ili tu uufikie mkanda wa mizigo.

Tiketi mbili mara nyingine ni nafuu, na hatusemi kwamba ni makosa kuzinunua. Tunasema kwamba unafuu huo ndio bei ya hatari uliyoibeba wewe badala ya shirika. Anayezinunua aache nafasi kubwa kati ya ndege na ndege. Kwa mtazamo wetu, nafasi iliyo chini ya saa sita haitoshi.

Shirika likichelewa

Tanzania na Saudia ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Kwa mkataba huo, shirika linawajibika kwa hasara iliyotokana na kuchelewa, isipokuwa likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote za busara kuizuia au kwamba hatua hizo hazikuwezekana. Neno muhimu ni hasara: utatakiwa kuionyesha. Tunza pasi ya kupandia ndege, kibandiko cha mzigo, na risiti za chakula, malazi na usafiri.

Kwa mizigo, muda ni mfupi. Mzigo ulioharibika ulalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwako. Malalamiko ya mdomo kwa mhudumu wa dawati hayahesabiki. Kesi mahakamani ina kikomo cha miaka 2. Anza na shirika lenyewe, kwa barua au baruapepe unayobaki na nakala yake. Usiporidhika, lete nakala hiyo kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na majibu uliyopewa, kama yapo.

Zoezi

Ndugu wa msafiri wetu anarudi kutoka Dubai. Tiketi yake inasema: kuondoka Dubai Ijumaa tarehe 18, saa 02:30, kufika Dar es Salaam 07:00. Safari ni ya muda gani, na aende kiwanjani lini?

Jibu: Tangu 02:30 hadi 07:00 ni saa nne na nusu kwa mtazamo wa tiketi. Saa ya Dubai ipo mbele kwa saa moja, kwa hiyo ongeza moja: saa tano na nusu. Saa 02:30 ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa. Saa tatu kabla ya hapo ni saa tano na nusu usiku, Alhamisi tarehe 17.